Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Naomba Gridi ya Singida Iingie Darasani

Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: OMBI LA TAKWIMU HALISI ZA GRIDI KWA WANAFUNZI WA UZAMILI WA FIZIKIA YA UKOKOTOAJI

Mheshimiwa Waziri,

Naanza kwa kuomba radhi. Najua mafaili yanayofika mezani kwako kwa siku moja yanatosha kumchosha mtu wiki nzima, na najua kuwa barua ya mwanafunzi ina njia yake: hupita kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa makamu mkuu wa chuo, ndipo ikufikie ikiwa na maoni ya wakubwa wangu. Sikuiacha njia hiyo kwa dharau. Ninachoomba kinagusa vyuo vyote vya umma na wizara zaidi ya moja, nami nimeona ni heshima kubwa zaidi kwako kukiweka mahali ambapo walimu wangu, wahandisi wa umeme na wanafunzi wenzangu wataweza kukisoma na kunisahihisha, kabla wewe hujautumia muda wako juu yake.

Naomba pia nishukuru kabla ya kuomba. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, umewafungulia mlango vijana waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Kwa mkoa kama wetu wa Singida, ambako ada ya chuo hutegemea bei ya alizeti msimu huo, kijana kuingia uhandisi au hisabati bila mzazi kuuza ng'ombe ni jambo ambalo sisi tuliosoma kabla ya hapo tunalipima vizuri. Ahsante, Mheshimiwa, wewe na wote mlioshiriki.

Mimi ni mzaliwa wa Iramba. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia, na fani yangu ni fizikia ya ukokotoaji, yaani kufungua milinganyo ya fizikia kwa kompyuta kwa kutumia algorithimu za namba. Wakati wa likizo hukaa kwa mjomba wangu Mandewa, mjini Singida, na sehemu kubwa ya tasnifu yangu naiandikia huko. Kwa idhini yako, naomba nieleze kidogo somo lenyewe, maana ombi langu halitaeleweka bila hilo.

Sheria za fizikia zimeandikwa kwa milinganyo, na milinganyo iliyo mingi haifunguki kwa kalamu. Inayofunguka ndiyo ile tuliyofundishwa sekondari: jiwe linaloanguka, jiwe linalobembea kwenye uzi, waya mmoja unaopitisha mkondo. Ukiongeza uhalisia kidogo tu, upepo unaopita juu ya majabali ya Singida, au joto linaloingia kwenye udongo uliolowa upande mmoja, au umeme unaogawanyika katika njia tatu zenye mizigo tofauti, kalamu inagoma. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Tunaikata nafasi vipande vidogo, tunaukata muda hatua fupi, tunaugeuza mlinganyo mmoja mgumu kuwa milinganyo rahisi elfu kumi, kisha kompyuta inaifungua yote kwa pamoja. Jibu linalotoka si kamili. Lipo karibu na ukweli, na elimu yote ya uzamili katika fani hii, Mheshimiwa, ni elimu ya kujua lipo karibu kiasi gani.

Naomba nitoe mfano kutoka kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zipo katika ardhi ya Tanzania. Mkoa wa Singida umo katika njia yake. Mafuta yale yana nta nyingi. Yakipoa hushikana na kugoma kutembea, kwa hiyo lazima yabaki na joto la nyuzi 50 hivi njia nzima. Ndiyo maana mabomba yamevishwa tabaka la kuzuia joto katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kwa jirani zetu, na ndiyo maana yamewekewa mfumo wa kuyapasha kwa umeme. Swali la mwanafunzi linakuja lenyewe: mafuta yakisimama na umeme ukakatika, joto litatoka kwa kasi gani kuingia ardhini?

Swali hili hufundishwa katika wiki za mwanzo, kwa programu ya Python isiyozidi ukurasa mmoja. Chukua mstari mmoja wa udongo kutoka kwenye ukuta wa bomba kwenda pembeni. Ukate vipande vya sentimita 10. Upe udongo uwezo wa kawaida wa kusambaza joto, mita za mraba 0.0000005 kwa sekunde. Kisha chagua hatua ya muda ya saa tatu, kwa kuwa udongo hupoa polepole na saa tatu zinaonekana chache. Hatua za kwanza zinapendeza. Baada ya muda kipande kimoja kinakuwa na joto kuliko bomba lenyewe, cha jirani yake kinashuka chini ya barafu, na hatua inayofuata vinabadilishana. Kufikia siku ya kumi na mbili ya bomba hilo la kwenye kompyuta, udongo una joto kuliko uso wa jua.

Hakuna herufi iliyokosewa katika programu hiyo. Kilichovunjwa ni sharti: hatua ya muda isizidi mraba wa kipande uliogawanywa kwa mara mbili ya uwezo wa udongo kusambaza joto. Kwa namba nilizotaja sharti linatoa sekunde 10,000, yaani saa 2, dakika 46 na sekunde 40. Saa tatu ni sekunde 10,800. Umezidisha asilimia 8 tu, na kila hatua sasa inalikuza kosa mara 1.16 huku ikiligeuza kutoka chanya kwenda hasi. Baada ya hatua 100 limekua zaidi ya mara milioni mbili. Ukitaka kuona kwa undani zaidi, ukakata vipande vya sentimita 5, hatua inayoruhusiwa inashuka hadi sekunde 2,500. Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy walionyesha mwaka 1928, kabla kompyuta ya kielektroniki haijakuwapo, kwamba ukubwa wa kipande na urefu wa hatua havichaguliwi kila kimoja kivyake. Mwaka 1947 John Crank na Phyllis Nicolson wakatupa njia isiyolipuka hata hatua ikiwa ndefu. Hata hiyo ina hatari yake, na ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi: inaweza kutoa mchoro laini, mzuri kwa macho, nao usiwe wa kweli. Programu inayolipuka humwamsha mwenyewe. Inayokosea kwa utulivu hupita hadi kwenye ripoti, na kutoka kwenye ripoti hadi kwenye zege.

Nasema zege kwa sababu imewahi kutokea. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjord karibu na Stavanger, Norway, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulipasuka na kuzama ukiwa bado kwenye majaribio. Waliokuwamo waliokolewa, hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700 hivi. Uchunguzi ulionyesha kuwa ukokotoaji wa nguvu ndani ya kuta ulitumia vipande vikubwa mno mahali kuta zinapokutana, na nguvu ya mkato ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Wavu wa macho mapana ulipitisha dagaa wote. Programu iliyotumika ilikuwa maarufu na yenye sifa nzuri, na nchi ile ilikuwa na wahandisi wa kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kurudia hesabu ile kwa njia nyingine kabla zege halijamwagwa.

Na nchi yetu ina kumbukumbu yake, Mheshimiwa, ambayo naigusa kwa heshima ya wazee waliokuwapo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa kukokotoa hesabu za Hazina kuleta usumbufu na hasara, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Walioamua hivyo walikuwa wakilinda fedha ya wananchi, na siwezi kuwahukumu nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta. Somo ninalolichukua ni kwamba mashine ilitangulia, na watu wa kuihoji walikuwa bado wachache. Leo kompyuta zimejaa. Wa kuzihoji bado hatutoshi.

Sasa naomba nifike Singida mjini.

Singida ni njia panda ya umeme wa nchi hii. Laini ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, ndiyo uti wa mgongo wa gridi yetu. Kutoka kituo hichohicho cha Singida laini nyingine ya kilovoti 400 inaelekea Babati, Arusha na Namanga, inavuka mpaka na kufika Isinya, Kenya. Umeme wa mabwawa ya kusini na umeme wa majirani wa kaskazini hukutana hapa petu. Mtoto wa Singida hukua akiziona nguzo zile zikipanda na kushuka kwenye majabali. Wengine tuliipenda fizikia kwa sababu yake.

Kujua umeme utapita wapi na kwa kiasi gani ni tatizo la ukokotoaji la kiwango cha uzamili. Kila kituo tunakiita nodi. Katika nodi nyingi tunajua umeme unaoingia na kutoka. Tusichokijua ni volteji yake na pembe ya volteji hiyo. Milinganyo inayoviunganisha ina volteji zinazozidishana, na sini na kosini za tofauti za pembe, kwa hiyo kalamu haiifungui hata kwa nodi chache. Njia inayotumika duniani kote ni ya Newton na Raphson. Unakisia, unapima umekosa kiasi gani, unatumia mteremko wa milinganyo kujisahihisha, unarudia. Mwaka 1967 William Tinney na Clifford Hart walionyesha namna ya kuifanya kwa gridi kubwa: kwa kuwa kila kituo kimeunganishwa na vituo vichache tu, jedwali la namba limejaa sifuri, na sifuri hazihitaji kuhifadhiwa wala kuzidishwa. Ukiwa karibu na jibu, njia hii ina kasi ya kusisimua. Kosa la sehemu moja ya mia linakuwa moja ya elfu kumi, kisha moja ya milioni mia. Hatua nne au tano, umemaliza.

Kuna siku hata hatua hamsini hazitoshi. Namba zinapanda, zinashuka, zinarukaruka, na kompyuta inaandika kuwa jibu halikupatikana. Naomba unisikilize hapa kwa hisani yako, kwa sababu hapa ndipo fundi wa kubonyeza vitufe na mtaalamu wanapoachana njia. Jibu linaweza kukosekana kwa sababu ulikisia vibaya mwanzoni. Linaweza pia kukosekana kwa sababu halipo: mzigo uliouweka hauwezi kubebwa na laini zile kwa hali yoyote, na gridi ya kweli ikifikishwa hapo volteji ingeporomoka. Ujumbe kwenye skrini ni uleule kwa hali zote mbili. Kuzitofautisha kunahitaji mtu anayejua hisabati ya algorithimu na pia fizikia ya laini yenyewe, aliyekaa na gridi ile miezi mingi, akiijua kama mkulima anavyolijua shamba lake.

Lakini gridi tunayokaa nayo miezi hiyo, Mheshimiwa, si yetu.

Vyuo vingi duniani hufundishia gridi ya mfano ya nodi 14 ya IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme. Ni kipande cha mtandao wa kampuni ya American Electric Power, upande wa kati-magharibi ya Marekani, kama ulivyokuwa Februari 1962. Ipo na ya nodi 30, ya Desemba 1961, na ya nodi 118, ya Desemba 1962. Mwaka 1993 Rich Christie wa Chuo Kikuu cha Washington aliziingiza kwenye hifadhi ya wazi, na tangu hapo mwanafunzi yeyote, awe Mumbai au Mandewa, anaweza kuzipata bure. Nawashukuru sana waliofanya hivyo. Bila wao nisingekuwa na pa kujifunzia. Februari 1962 Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miezi miwili. Mzigo wa nodi ya 3 katika gridi hiyo ni megawati 94.2. Naujua kwa moyo. Mzigo wa kituo cha Singida, ambacho nguzo zake naziona nikielekea sokoni, siujui.

Niliwahi kuomba takwimu hizo katika ofisi moja. Nilipokelewa kwa adabu, nikaketishwa, na nikaelezwa kuwa hazitolewi kwa wanafunzi. Aliyenijibu alifuata taratibu alizopewa, na mamlaka ya kuamua vinginevyo hakuwa nayo. Ndiyo maana naileta barua hii kwako.

Ombi langu, kwa unyenyekevu wote, ni kwamba uzungumze na Mheshimiwa Waziri mwenzako wa Nishati ili iandaliwe gridi ya mfano ya Tanzania kwa ajili ya kufundishia na kutafitia. Vituo vikuu vya msongo mkubwa, laini zinazoviunganisha pamoja na urefu na ukinzani wake, mitambo ya kuzalisha, na mizigo ya kila saa kwa mwaka mmoja. Iwe ya miaka iliyopita. Majina ya vituo nyeti yaondolewe au yabadilishwe, na namba zichezewe kidogo pale wahandisi watakapoona inafaa, mradi fizikia yake ibaki ya kweli: umbali mrefu, mizigo michache iliyotawanyika, mashine chache kubwa. Gridi ya namna hiyo ina tabia tofauti kabisa na ile ya viwanda vya Marekani ya 1962. Kwetu laini ndefu yenye mzigo mdogo usiku hupandisha volteji badala ya kuishusha, na mwanafunzi aliyelelewa na nodi 14 za IEEE anaweza kumaliza shahada bila kulikuta tatizo hilo katika zoezi hata moja. Ipewe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kila chuo chenye mwalimu aliye tayari kuitumia.

Naongeza jambo la pili ambalo ni tawi la hilohilo. Nchi inaposaini mkataba wa mradi mkubwa, wa laini, bomba, reli au bwawa, mshauri mwelekezi hutengeneza mfano wa kikokotozi na kuandika ripoti. Naomba mikataba ijayo iwe na kifungu kinachotaka mfano huo na takwimu zilizoingizwa ndani yake vikabidhiwe kwa chuo kimoja cha umma, na mwanafunzi mmoja wa uzamili au uzamivu apewe kazi ya kurudia hesabu kwa algorithimu nyingine na vipande vidogo zaidi. Akipata jibu lilelile, nchi imepata uthibitisho kwa gharama ya posho ya mwanafunzi. Akipata jibu tofauti, hilo ni jambo la kulijua mapema.

Najua swali la kwanza litakuwa usalama, na usalama wa taifa si kitu ninachothubutu kukipima mimi. Napendekeza tu, kwa ruhusa yako, kwamba Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ambayo tayari hutoa vibali vya utafiti, inaweza kuwa mtunzaji. Mwanafunzi asaini hati ya kutunza siri, msimamizi wake asaini, na tasnifu ipitiwe kabla ya kuchapishwa. Kwa ngazi ya kufundishia darasani, takwimu za zamani zilizobadilishwa majina zinatosha kabisa.

Swali la pili litakuwa kompyuta, na hapa nina furaha kukuambia kuwa hatuji na orodha ya manunuzi. Gridi nzima ya Tanzania ya msongo mkubwa hufunguka kwenye kompyuta mpakato ya kawaida kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kazi kubwa zaidi zina pa kwenda: kituo cha ukokotoaji cha CHPC, Cape Town, kina Lengau, mashine iliyozinduliwa mwaka 2016 yenye uwezo wa hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde, na watafiti wa nchi nyingine za Afrika wameitumia kwa ushirikiano. Majirani zetu wa Eldoret, Kenya, wametuonyesha kuwa inawezekana. Walijenga kundi la fizikia ya maada kwa kompyuta, na mwaka 2012 wakawa wenyeji wa ASESMA, shule ya Afrika ya fani hiyo inayosaidiwa na kituo cha ICTP cha Trieste. Nawaheshimu sana. Ila wao wana unafuu mmoja ambao sisi hatuna: atomu ya silikoni ni ileile Eldoret na Tokyo, na asili haimwombi mtu kibali. Gridi ya Singida ipo Singida tu, na funguo zake ziko kabatini.

Juu ya upepo nitasema kwa kifupi, ingawa mtu wa Singida akianza kusema juu ya upepo huwa hamalizi. Nyaraka za nishati za nchi yetu kwa miaka mingi zimetaja wastani wa mita 9.9 kwa sekunde kwa Kititimo, hapa mjini, na 8.9 kwa Makambako. Nguvu ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo tofauti hiyo ya mita moja ni kama asilimia 38 ya nguvu. Ukikosea kasi kwa asilimia 10 umekosea nguvu kwa asilimia 33. Kenya walipoweka mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, kila mtambo ulipaswa kuwekwa mahali ambapo upepo umekokotolewa juu ya mwinuko wa ardhi ile. Siku mradi kama huo ukija Kititimo, ningependa awepo Mnyiramba au Mnyaturu mmoja aliyeikokotoa ardhi hii mwenyewe, anayeweza kuuliza, kwa adabu, vipande vilikuwa vya mita ngapi.

Naamini maswali mazuri hutoka kwenye kitu kilicho mbele ya mtu. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari mkoani Tanga mwaka 1963 alipoona maziwa ya moto yakiganda kabla ya ya baridi alipokuwa akitengeneza aiskrimu. Swali lake, lililochapishwa mwaka 1969 pamoja na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bado linafanyiwa utafiti duniani. Maziwa yalikuwa yake, na jokofu alikuwa na ruhusa ya kulifungua.

Nimeandika mengi, Mheshimiwa, na nimekula muda wako. Ikiwa ombi zima ni kubwa kwa sasa, naomba basi sehemu yake ndogo kabisa: mzigo wa kila saa wa kituo cha kupoza umeme cha Singida kwa mwaka 2018 peke yake. Ni safu mbili, saa na megawati, mistari 8,760, faili dogo kuliko picha moja ya simu. Mimi na msimamizi wangu tuko tayari kuja Mtumba siku yoyote utakayotupangia kusaini hati yoyote ya kutunza siri, na tutaleta programu yetu ikiwa wazi, mstari kwa mstari, ili wataalamu wa wizara zote mbili waikague kwanza.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamili wa fizikia,
Mandewa, SINGIDA.